Magoti Kabla ya Utepe

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na ukikaa ncha ya kushoto unamwomba Mungu mwenzako wa kulia asiinuke ghafla. Wenyewe wanaliita Hospitali. Kila jambo la mtaa likianza kuumwa linaletwa pale, linalazwa, linapimwa na kila mtu, na mpaka leo halijatoka hata moja likiwa limepona. Kahawa inachemka hapohapo, kwenye jiko la makaa la mama mmoja mwenye birika kubwa na subira ndogo, ambaye watu humwita Mama Birika akiwepo na Daktari Mkuu akiwa hayupo. Jumamosi hii mgonjwa alikuwa mwenye kibanda mwenyewe.

Kinyozi anaitwa Radi. Jina alilipata kwa ajili ya miguu yake, na tuseme ukweli, alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Juma zima alikuwa ameshusha pazia la kibanda, amekaa ndani kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo, na mteja akichungulia anaambiwa mashine imeungua. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoungua kilikuwa kingine.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka makanisa ya upande ule hufanya mbio, wazee kwa vijana, kuzunguka soko, kushuka bondeni, kupanda mlimani na kurudi. Mshindi hapewi kikombe wala bahasha. Jumapili inayofuata, kwenye ibada ya pamoja, mshindi wa mwaka uliopita humvika mshindi mpya taulo jeupe shingoni mbele ya makanisa yote na kusema maneno mawili matatu. Radi alikuwa ameshinda miaka miwili mfululizo. Mwaka wa pili ilibidi ajivike taulo mwenyewe, akajivika taratibu ili na wa nyuma waone. Mwaka huu alijiandaa kwa ushindi wa tatu, ila safari hii hakujiandaa sana kwa kukimbia. Alijiandaa kwa unyenyekevu.

Maana alishasikia watu wakisema anajisikia, na maneno hayo yalimwuma. Akaamua kuwaonyesha. Akaenda kwa mwalimu wa kwaya wakapanga: nikifika mstarini sinyanyui mikono, sirukiruki, napiga magoti palepale vumbini, nafumba macho, namrudishia Mungu utukufu, na nyinyi hapo ndipo mnaanza kuimba. Akaenda na kwa mpiga picha. Mahali pekee ambapo hakwenda ni kwenye kikao cha wakimbiaji kuelekezwa njia. Mshindi wa miaka miwili aelekezwe nini? Na kwenye kikao hicho ndipo iliposemwa kwamba mwisho wa mbio umesogezwa, haupo tena kwenye ukuta wa kanisa, upo ng'ambo ya kona, getini, na wazee wawili watashika utepe. Pale ukutani, ulipokuwa mstari wa zamani, mwalimu wa kwaya alimwaga chokaa ili waimbaji wake wasizagae barabarani.

Radi alitokea peke yake, amewaacha wenzake mbali. Akaona chokaa. Akaona kwaya. Akapiga magoti.

Kwaya, watu watiifu, wakaanza kuimba kwa nguvu zote. Ndiyo maana hakuwasikia waliokuwa wakimwambia inuka, inuka, bado. Kelele alizisikia, akadhani ni shangwe, akazidi kuinamisha kichwa. Wimbo ulikuwa na beti nyingi. Wakampita watu wa kanisa la mlimani, wakampita wa kanisa la sokoni, wakampita na wale wazee wa mwisho ambao kukimbia kwao ni kutembea kwa nia njema. Alipofumbua macho, aliyesimama mbele yake ni bibi mmoja mwenye fimbo, naye mkimbiaji, aliyemshika bega na kumwuliza kama tumbo ndilo linalomsumbua.

Sasa kesho ndiyo Jumapili ya taulo. Asimame mbele ya makanisa yote amvike mtu mwingine, na aseme maneno. Radi alikuwa ameshafunga begi. Kuna basi la alfajiri linalopita kwa dada yake, na dada yake hakuwa na habari za mbio. Mkewe alimwambia kwa upole kwamba akiondoka atakuwa amekimbia mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumwimbia. Radi akajibu kwamba ndilo jambo analolitafuta.

Nje ya pazia, Hospitali ilikuwa imeshaanza kazi. Hawakujisumbua kunong'ona. Aliyelazwa kazi yake ni kusikiliza.

— Mimi tangu mwanzo nasema kosa ni la chokaa, alisema Randa, seremala, ambaye hawezi kuongea bila kupapasa ubao wa benchi akitafuta mahali palipokaa vibaya. Mstari wa mbio unapakwa rangi. Chokaa ni ya kupaka miti.

— Kwa hiyo angeona rangi angeendelea kukimbia? aliuliza Breki.

— Angesita kidogo. Rangi inamsitisha mtu.

Breki ni dereva wa lori, ingawa lori lenyewe liko gereji tangu watu walipoanza kumjua. Alitikisa kichwa. Randa hakujali, akaendelea kueleza kwamba ukichunguza utakuta mwalimu wa kwaya aliwahi kunyolewa na Radi siku moja ambayo umeme ulikuwa unakatika na kurudi, akaenda kwenye harusi ya mdogo wake na ngazi kisogoni, na kwamba mtu akishabebeshwa ngazi kisogoni mbele ya mashemeji hasahau. Chokaa ile haikumwagwa hivihivi, alisema. Ilimwagwa na mtu mwenye kumbukumbu.

— Wewe unatafuta binadamu, akasema Breki. Hapa hakuna binadamu. Hapa alisimama malaika.

— Wapi?

— Barabarani. Hamkumbuki yule punda kwenye Maandiko? Bwana wake anampiga fimbo aende, yeye anajilaza chini, kumbe kaona malaika na upanga. Mwenye punda haoni kitu. Sasa Radi macho yake hayakuona, lakini magoti yaliona. Magoti yakasema, baba, sisi hapa tunashuka.

— Kwa hiyo yeye ndiye punda, alisema Mama Birika akimimina.

Breki akasema hakumaanisha hivyo. Alijaribu kurekebisha mfano wake kwa kusema kwamba Radi ni yule bwana na magoti ndiyo punda, kisha akaona kwamba hapo anamfanya mtu awe na punda wawili, akainamia kahawa yake.

Ndipo Profesa akavua miwani. Profesa alifundisha hesabu miaka mingi mpaka akastaafu, na akivua miwani watu wanajua kuna kitu kinakuja ambacho hakitakatizwa. Alieleza kwamba unyenyekevu ni jambo la urefu kutoka usawa wa chini, na kwamba linapimika. Aliyeshinda katoka kanisa gani? La mlimani. Vizuri. Mtu wa mlimani kila asubuhi akitoka kwake anafanya nini? Anashuka. Akienda sokoni anashuka, akienda kazini anashuka. Amelelewa katika kushuka. Sisi wa bondeni kila tukitoka mlangoni tunapanda. Sasa mnategemea nini?

— Jioni si anapanda kurudi? aliuliza Randa.

— Jioni amechoka. Mtu aliyechoka hana kiburi.

Randa aliliona hilo ni zito. Akauliza kama ina maana Mungu anashabikia kanisa la mlimani, na Breki akasema si lazima kushabikia, inaweza kuwa ni ukaribu tu, maombi yao yana safari fupi. Profesa hakukubali wala hakukataa, ila aliongeza kwamba kwa upande wake, kwa unyenyekevu, katika benchi lile hajaona wa kushindana naye, na amekuwa akilificha jambo hilo kwa muda mrefu.

Mama Birika alimwangalia, akamwongezea kahawa.

Hapo Radi alishindwa kuvumilia. Akasukuma pazia, akatoka, akakaa katikati ya benchi, sehemu salama. Ndevu zilikuwa zimemwota, jambo baya kwa kinyozi. Walimpa pole kama watu ambao hawakuwa wakimsema, akapewa kikombe, akakishika bila kunywa.

— Nyinyi mnacheka, akasema, lakini hamjaniuliza kinachoniuma.

— Kinachokuuma kipi? Kushindwa?

— Kushindwa ningekubali. Kuna watu wamejisifu wakaanguka, kila mtu anaelewa, hata mimi ningewacheka. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti. Nilikuwa nimeinamisha kichwa kabisa. Kama ningenyanyua mikono na kupiga kifua, mwili wenyewe ungenipeleka mbele, ningekata utepe. Wengine wameangushwa na kiburi. Mimi nimeangushwa na unyenyekevu. Sasa mtu kama mimi ashike lipi?

Radi aliwatazama mmoja mmoja, na tusimdhulumu, uchungu wake ulikuwa wa kweli. Alikuwa na umri wa mtu mzima, ana mke na watoto, na alikuwa anaogopa kuingia kanisani alikobatizwa. Alihisi kama amemfanyia Mungu wema, na Mungu amemwacha chini mbele za watu.

— Hii ni mpya, akasema Profesa hatimaye. Kwa kawaida mtu anaugua kiburi, anapewa unyenyekevu kama dawa. Huyu alianza na dawa, na dawa ndiyo imemwangusha.

— Labda kipimo kilikuwa kidogo, alisema Randa.

Laiti Randa angejua alichokifungua. Neno hilo lilipita benchini kutoka ncha hadi ncha, na kila mtu akaona kwamba ndilo lililokuwa linakosekana. Kipimo. Magoti pale ukutani yalikuwa mwanzo mzuri, lakini yalikuwa kidogo. Kesho aongeze. Randa akashauri kwamba Radi akakae benchi la mwisho kabisa, kule mlangoni. Breki akasema la mwisho ni la wachelewaji na wenye watoto wanaolia, hakuna atakayemwona kama amejishusha, watajua amechelewa. Bora aende pekupeku.

— Pekupeku watadhani ameibiwa, akasema Profesa. Aende na kiatu kimoja. Kiatu kimoja, hapo watu wanajua ni toba.

— Na ajinyoe nusu kichwa, alisema Breki. Kinyozi kujiharibu mwenyewe, hicho ni kitu.

— Nusu ipi?

Wakabishana nusu ipi. Randa akataka ya kulia kwa sababu ndio upande wa wanaume kanisani, Breki akasema ya mbele, Profesa akachora kwa kidole kwenye vumbi namna kichwa kinavyoweza kugawanywa sawasawa. Radi alisikiliza kwanza kwa hasira, kisha kwa makini, na mwishowe akaanza kutikisa kichwa, si kwa kukataa, bali kama fundi anayesikia wenzake wakipunguza kazi.

— Hapana, akasema. Hayo ni madogo.

Akainuka. Mwenzake wa ncha ya kushoto akashika ubao upesi.

— Nitaingia kwa magoti, akasema Radi. Sitaanzia mlangoni, nitaanzia getini. Pale ulipokuwa utepe. Kutoka pale mpaka madhabahuni, kwa magoti, taratibu, sisemi na mtu. Nikifika mbele ndipo namvika huyo mtu taulo lake, nikiwa bado nimepiga magoti.

Randa akasema changarawe ya pale getini anaijua, na kwamba kwenye karakana yake ana sponji la viti, anaweza kukata vipande viwili vya kufunga magotini chini ya suruali.

— Sawa, lakini visionekane, alisema Radi.

Sasa alikuwa anatembea mbele ya benchi akionyesha. Hapa atasimama kidogo apumue. Hapa kati, kwenye mlango, atapangusa uso kwa kiganja. Kwaya isiimbe maneno, ivumishe tu kwa chini. Macho yalikuwa yanang'aa. Mtu ambaye juma zima alikuwa anajificha nyuma ya pazia, sasa alikuwa anatamani kesho ifike. Basi la alfajiri alishalisahau.

— Hawajawahi kuona mtu akijishusha namna hiyo, akasema. Kanisa lolote. Watakuja kuhadithiana.

— Na mpiga picha umeshamwambia? aliuliza Mama Birika.

— Nitapita kwake jioni, alijibu Radi.

Kisha akakisikia mwenyewe alichosema. Mkono wake uliokuwa unaonyesha namna ya kupangusa uso ulibaki hewani, akaushusha polepole, akarudi akakaa. Hakuna aliyecheka. Hata Breki, anayecheka mazishini, alikuwa anatazama sehemu ya chini ya kikombe chake. Afadhali basi la alfajiri, aliwaza Radi. Kwa dada yangu hakuna kwaya.

Wakiwa hivyo ndipo akafika mtu wasiyemjua.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, amevaa ovaroli yenye madoa ya kutu, na begani ana mfuko wa spana uliokuwa unagongana kila akipiga hatua. Alimpa Profesa shikamoo, akaitikiwa, akawasalimu wengine na mama wa kahawa, kisha akauliza kama hapo ndipo kwa kinyozi anayekimbia.

Swali hilo, kwa siku ile, lingeweza kuanzisha ugomvi. Radi akasema mashine imeungua.

— Haidhuru, alisema yule mtu. Nywele ni kisingizio tu. Mimi nilikuwa namtafuta mwenyewe.

Akavua kofia, akaanza kuizungusha mikononi. Ilionekana alikuwa ameyapanga maneno njia nzima na sasa yamemkimbia.

— Mimi ni fundi bomba, akasema. Nasali kanisa la mlimani. Mimi ndiye niliyekupita.

Benchi zima lilimgeukia. Jambo la ajabu, hakuna hata mmoja aliyemtambua, na wote walikuwepo siku ya mbio. Walikuwa wamezungumza juma zima juu ya chokaa, kwaya, malaika na punda, wakapima mlima na bonde, lakini mshindi hawakuwa wamemwona. Siku ile macho yote yalikuwa kwa aliyepiga magoti. Radi mwenyewe, aliyetakiwa kumvika taulo kesho yake, hakuwa ameuliza hata sura yake ikoje. Alimwona sasa: uso wa duara, macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri.

Mama Birika akampa kikombe, akakipokea kwa mikono miwili. Akaeleza. Kukimbia kwake, alisema, ni kwa kazi tu, bomba likipasuka kwa mtu huwezi kwenda unatembea. Siku ile hakuwa na tumaini la kushinda, alikuwa anataka amalize tu. Alipotokea pale ukutani akaona mtu aliyekuwa mbele ya wote amepiga magoti na mwisho uko pale karibu.

— Nikapunguza mwendo, akasema. Nikajiambia, mtu anayeuacha ushindi zikiwa zimebaki hatua chache tu, akapiga magoti, huyu ana jambo zito. Labda kakumbuka mgonjwa nyumbani. Labda kafiwa. Nilitaka kusimama nipige magoti pembeni yako, kaka, lakini wenzangu walikuwa wananisukuma kutoka nyuma, miguu ikaenda. Nikakata utepe, watu wakanibeba, na mimi nawaza nimempita mtu akiwa katika maombi. Tangu siku hiyo nakuombea asubuhi na jioni, ila sijui naomba nini. Nasema tu, Bwana, lile jambo la yule ndugu. Ndiyo maana nimekuja. Kama ni jambo zito, hilo taulo sitalivaa, haitakuwa haki. Naomba uniambie tu. Ulikuwa unaomba nini?

Profesa alifungua mdomo, akaanza kusema kwamba yapo maombi ya namna nyingi, akaufunga. Breki akamsaidia, akasema huyu alikuwa anashukuru, bwana, anamrudishia Mungu utukufu. Fundi bomba akamgeukia kwa furaha, akauliza alikuwa anashukuru kwa lipi hasa, ili na yeye akirudi ashukuru pamoja naye. Breki akamtazama Randa. Randa akapapasa ubao.

Wote sasa walikuwa wanamtazama Radi, na Radi alikuwa anatafuta. Alirudi pale ukutani ndani ya kichwa chake, akapiga magoti tena, akafumba macho tena. Alikumbuka vumbi lilivyonukia. Alikumbuka kwamba alijiuliza kama namba iliyoshonwa kifuani itaonekana akiinama. Alikumbuka ubeti wa pili, kwamba wapiga tarumbeta walichelewa kuingia akakasirika kidogo. Alikumbuka kujiuliza mpiga picha yuko upande gani, na kuugeuza uso kidogo kuelekea huko. Alitafuta neno moja alilomwambia Mungu katika muda wote ule, hata jina lake tu. Hakulipata.

Uongo ulikuwepo, tena wa karibu. Mama yake mzazi alikuwa na goti linalomsumbua wakati wa baridi. Angesema tu, mama anaumwa, na huyu mtu angelia naye, na kesho makanisa yote yangejua ni kwa nini Radi alipiga magoti, na aibu ingegeuka sifa. Maneno yalishafika kwenye ulimi. Lakini alimwangalia yule mtu, macho yale mekundu, kofia ile inayozungushwa, asubuhi na jioni, lile jambo la yule ndugu, na alishindwa.

— Hakuna, akasema.

— Hakuna mgonjwa?

— Mgonjwa hakuna. Na maombi hayakuwepo, ndugu yangu. Nilipiga magoti tu. Nilikuwa nasikiliza kama watu wanapiga makofi.

Akangoja. Alitegemea dharau, au walau mtu asonye. Fundi bomba alimwangalia kwa muda kana kwamba anahakikisha amesikia vizuri, kisha mabega yake mapana yakashuka, na tabasamu likamwenea uso mzima.

— Kwa hiyo kwako wazima wote?

— Wazima.

— Watoto wazima, mama mzima?

— Mama ana goti tu.

— Mungu asifiwe, akasema fundi bomba, na alimaanisha kabisa. Akakaa benchini kwa uzito wote, akanywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja. Juma zima nimebeba msiba ambao haupo. Nilishaanza kumwambia mke wangu tujiandae kwenda kutoa pole.

Kicheko kilianza kwa Mama Birika, aliyegeuka upande wa jiko ili asionekane. Kikamfikia Breki, kikampata Randa, na Profesa akalazimika kuvua miwani tena, safari hii kufuta machozi. Fundi bomba naye alikuwa anacheka, mkono kwenye bega la Radi. Na Radi alicheka. Alianza kwa kujizuia, kisha akashindwa, akacheka mpaka akajishika mbavu, akiiona picha nzima: yeye na namba yake kifuani, tarumbeta zinachelewa, yule bibi na fimbo yake, na mtu huyu wa mlimani asubuhi na jioni anamwombea mgonjwa asiyekuwepo. Ilikuwa raha. Tangu siku ya mbio alikuwa amejiona kama mtu aliyebeba tofali kifuani, na sasa hakuwa nalo tena. Hakujua limedondokea wapi na hakutaka kujua.

— Kesho taulo nakuvika, alisema alipopata pumzi. Nikiwa nimesimama. Nitasema nilidhani nimefika, kumbe bado.

— Hivyo tu? aliuliza Randa, akiwaza sponji lake.

— Hivyo tu.

Kisha Radi akatulia, akawa kama mtu aliyekumbuka deni.

— Lakini nimemchezea Mungu, akasema kwa sauti ya chini. Nilipiga magoti mbele ya watu wote, sikumwambia kitu.

Fundi bomba alifikiri. Hakuwa mtu wa maneno, na alifikiri kama anavyotazama bomba, anafuata linakotoka na linakokwenda.

— Sasa hapo tatizo liko wapi, kaka? akasema. Magoti ulishapiga. Yamebaki maneno tu.

Kutoka kwa yeyote kati ya wale wengine ungekuwa utani. Yeye alilisema kama mtu anayemwambia mwenzake kazi nusu imeshafanyika. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Profesa, likatoa tone moja, na akatangaza kwamba kahawa imekwisha, kila mtu akatafute la kufanya kwake. Hakuna aliyeinuka.

Radi ndiye aliyeinuka. Akaingia kibandani, akalikunja pazia mpaka juu, akapangusa kiti, akamwita fundi bomba aje akae. Fundi bomba akasema si umesema mashine imeungua, na Radi akasema alikuwa anadanganya, na mtu wa kuvishwa taulo kesho hawezi kwenda na kichwa kile. Akamfunga kitambaa shingoni. Akawasha mashine, ikanguruma vizuri kabisa, akaanzia kisogoni, polepole, kichwa chake kimeinama karibu na kichwa cha mwenzake.

Wale wa benchini waliona midomo yake ikicheza. Breki akajisogeza ili asikie, Randa akainua sikio, Profesa akajifanya anatazama barabara. Sauti ya mashine ilikuwa inafunika kila kitu. Alikuwa anaongea kwa chini, bila haraka, huku akinyoa, na mara moja alitabasamu katikati ya maneno yake.

Fundi bomba alidhani anaulizwa jambo. Akageuza kichwa kidogo chini ya mashine.

— Unasemaje, kaka?

— Siongei na wewe, alijibu Radi, akamrudisha kichwa taratibu kwa vidole viwili, na akaendelea.